MSHUMAA WA MKEBE NA HAKI YA JIRANI

(Maandishi ya mada iliyotolewa kwenye darsa la vijana na familia, Kawangware, baina ya Alasiri na Magharibi katika kumi la kwanza la Ramadhan. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba wake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad.



Nimepewa nusu saa, na najua mwenye funga hapendi maneno marefu. Mada niliyopewa ni kazi za mikono kwa kijana wa Kiislamu. Sasa mimi kazi ya mikono ninayoijua ni moja tu: kutengeneza mishumaa ya nyumbani kwa mikebe na vyombo ambavyo vingetupwa. Nitawafundisha leo inshallah, na atakayetaka kuandika aandike. Lakini siwezi kuifundisha kazi hii bila kuwaeleza kwanza siku niliyokaribia kuchoma ploti nzima ya watu kwa sadaka yangu. Nikiwaficha hilo nitakuwa nimewapa elimu nusu, na elimu nusu ndiyo iliyoniponza.

KWA NINI MSHUMAA ZAMA HIZI?

Kuna kijana atasema, "Ustadh, nani bado anawasha mshumaa? Simu ina tochi." Kweli. Na taa za sola zimeingia, alhamdulillah, na mwenye uwezo wa kununua taa ya sola namshauri anunue, kwa sababu haina moto. Lakini tuseme ukweli wa mitaa yetu. Tokeni zinaisha saa tano usiku na mfukoni hakuna kitu. Transfoma inalipuka, mnakaa siku nne gizani. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Usiku kama ule simu ikizima ndiyo basi. Mama anataka kupika daku, mtoto ana mtihani, mzee anataka kusoma juzuu yake. Mtu hunyoosha mkono kutafuta mshumaa au koroboi.

Na koroboi ni nini kama si mkebe uliorudishwa kazini? Fundi wa jua kali anachukua mkebe uliokwisha kazi, anaufunga juu, anatoboa tundu, anapitisha utambi wa kitambaa, ndani mafuta ya taa. Wazazi wetu wengi walisomea kwa koroboi mpaka pua zikawa nyeusi kwa masizi. Mimi ni mtoto wa Makina, Kibera, pale ambapo wazee wa Kinubi, waliokuwa askari wa King's African Rifles, waliweka makazi yao mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msitu. Mwanga wa usiku katika mtaa ule haujawahi kuwa kitu cha bure. Kwa hivyo msidhani kutumia tena mkebe ni jambo la kisasa limeletwa na watu wa mazingira. Wazee wametangulia.

YALIYONIFIKA

Ilikuwa Ramadhan, miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, sina kazi. Mjomba alikuwa amepata nta ya parafini, vipande vimebaki kazini kwao, akaniletea kama kilo mbili. Nikasema nitafanya sadaka ya kumi la mwisho: nitatengeneza mishumaa niwape majirani wapate kusimama usiku na kusoma Qur'ani. Nia ilikuwa nzuri, wallahi.

Vyombo nikavitoa wapi? Nyumba kwa nyumba niliomba vikopo vya plastiki vya mafuta ya kupikia. Vilikuwa visafi, vyote saizi moja, vinapendeza. Uzi nikatumia niliouona, sikuuliza ni uzi wa nini. Nikayeyusha, nikamimina, nikapata vikopo kumi na viwili. Nilizunguka ploti yetu na ploti ya pili nikigawa. Nilijisifu moyoni kwamba nimetoa vyote, sikubakisha hata kimoja kwa ajili yangu.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 ya Ramadhan stima ilipotea. Mama mmoja jirani yetu, muuza mandazi, akawasha kikopo changu, akakiweka juu ya kigoda karibu na kitanda. Watoto wake wawili wamelala. Akasoma, kisha akatoka kidogo kuchota maji ya kutawadha. Nta ilipokwisha kuyeyuka yote na moto ukashuka, plastiki ikalegea upande, ikatoboka. Nta ya moto ikamwagika pamoja na utambi wake unaowaka, ikashika ncha ya neti, kisha godoro.

Mungu ni mkubwa, alirudi wakati ule ule. Aliwavuta watoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaubana moto kwa leso yake iliyoloa na blanketi. Watoto hawakuguswa. Mkono wake wa kulia uliungua, kiganja na vidole. Muuza mandazi, ndugu zangu, na Idi imebaki siku tatu. Mkono ule ndio unaokanda unga.

Mnajua nyumba zetu. Chumba kwa chumba, mabati kwa mabati, ukuta wangu ndio ukuta wako. Gari la zimamoto likija linasimama barabarani, vichochoro haliingii. Chumba kimoja kikiwaka, mnahesabu vyumba ishirini. Mshumaa uliomo kwangu umo kwa jirani pia, yeye tu hauoni.

Asubuhi nilikwenda na mama yangu kuomba msamaha. Yule mama alikuwa amefunga mkono kwa bendeji. Akaniambia, "Mwanangu, nimekusamehe tangu usiku. Lakini nikuulize. Huo wako wewe, uliuwasha?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kuuwasha hata mmoja. Nilitoa vyote kumi na viwili bila kujua hata kimoja kinawaka vipi. Ile fahari yangu ya kutobakisha ndiyo iliyokuwa kosa. Kubakisha kimoja, nikiwashe nyumbani kwetu, nikikalie mpaka kiishe, hiyo ilikuwa haki yake kwangu kabla sijamgongea mlango.

MTUME (S.A.W.) NA TAA YA USIKU

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuwa jahili. Hadithi hizi nilizihifadhi madrasa nikiwa na miaka kumi.

Amepokea Abu Musa (R.A.) kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, akasema kwa maana yake kwamba moto huu ni adui yenu, basi mnapolala uzimeni. Akapokea Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha usiku tufunike vyombo, tufunge milango na tuzime taa, na akataja sababu: panya huweza kuuburuta utambi akawaunguzia watu nyumba. Na katika Sunan Abi Daud imo riwaya ya Ibn Abbas (R.A.) kwamba panya aliburuta utambi akautupa kwenye mkeka aliokaliwa na Mtume mwenyewe, ukaungua mahali kiasi cha dirhamu.

Tazameni mafunzo haya. Hakutuambia tu tuogope moto. Alitaja utambi, akamtaja panya, akataja wakati wa kulala. Ni maneno ya mtu anayejua nyumba za watu zikoje. Na nani kati yetu hapa Kawangware au kule Kibera hana panya?

Wakati huo huo dini haikuchukia mwanga. Bibi Aisha (R.A.) alieleza kwamba siku zile nyumba zao hazikuwa na taa, Mtume (S.A.W.) akisimama usiku gizani. Baadaye, imepokewa kwamba wa kwanza kuwasha taa msikitini ni Tamim ad-Dari (R.A.). Na Bibi Maimuna (R.A.) alipouliza kuhusu Baitul Maqdis, alielekezwa kwamba asiyeweza kufika kuswali huko basi apeleke mafuta ya kuwashia taa zake. Kwa hivyo kumpa mtu mwanga wa ibada ni sadaka yenye asili. Lakini mafunzo ya kuwasha yamekuja pamoja na mafunzo ya kuzima. Mimi nilishika nusu moja.

CHOMBO KWANZA

Sasa tuingie kazini. Katika mshumaa wa aina hii chombo ndicho usalama wako wote, basi tuanze nacho.

Vyombo vinavyofaa: mkebe wa bati wa nyanya, wa maharagwe au wa maziwa ya unga, na kikombe cha bati kilichochubuka rangi ambacho mama hataki tena kukiweka mezani. Chupa nene ya jamu inafaa, ila kwa hadhari, kwa maana glasi hupasuka joto likibadilika ghafla. Usiiweke juu ya sakafu yenye maji wala dirishani penye baridi.

Vyombo visivyofaa: plastiki ya aina yoyote, narudia, ya aina yoyote, hata iwe ngumu vipi. Kifuu cha nazi na kibuyu vinapendeza kwa picha lakini vinashika moto. Glasi nyembamba ya kunywea maji, kikombe chenye ufa, chupa ya soda iliyokatwa shingo, hivyo acheni. Na mkebe uliokuwa na rangi, dawa ya wadudu au tina, usiusafishe ukadhani umetakata. Utupe.

Mkebe wa bati uoshe kwa sabuni, uukaushe kabisa, ubandue karatasi ya nje, kwa sababu karatasi ile nayo huwaka. Mdomo ulio na makali upondeponde kwa nyundo ndogo usije ukamkata mtoto. Na kumbuka bati hupata moto. Mkebe lazima ukae juu ya kisahani cha udongo au kipande cha kigae, au ndani ya karai dogo lenye mchanga. Mchanga ni bora kuliko vyote, maana mkebe ukipinduka moto unaangukia mchangani.

NTA NA UTAMBI

Nta ya parafini ndiyo rahisi kupata. Inatokana na mafuta ya petroli, na huuzwa kwa kilo kwenye maduka ya kemikali mjini. Mnaweza pia kukusanya vipande vya mishumaa iliyobaki majumbani, mkaviyeyusha na kuvichuja kwa kitambaa. Nta ya nyuki ni bora zaidi na inanukia, lakini bei yake ni ya mwenye nacho. Hata hivyo jueni historia yake: mji wa Bijaya, Algeria, ulikuwa bandari ya Waislamu iliyouza nta Ulaya kwa wingi, mpaka Wafaransa wakauita mshumaa kwa jina la mji huo, bougie. Na neno letu hili mshumaa asili yake ni Kiarabu, sham'.

Watu wa Kawangware huniuliza, na mafuta ya ng'ombe je? Machinjio ya Dagoretti yako hapo karibu, mafuta yapo. Jibu ni kwamba yanawezekana. Ulaya watu maskini waliwasha mishumaa ya shahamu kwa karne nyingi, inanuka, inatoa moshi na hulainika kwenye joto. Mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyechunguza mafuta ya wanyama akagundua namna ya kutoa humo kitu kigumu kiitwacho stearini, na mwaka 1825 yeye na mwenzake Gay-Lussac wakachukua hataza ya kutengenezea mishumaa kwa njia hiyo. Shahamu ya nyumbani bila kazi hiyo ya kiwanda itawaletea panya kabla ya kuwaletea mwanga. Na upande wa sharia: mnyama awe amechinjwa kihalali. Imo hadithi ya Jabir (R.A.) ambamo Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu mafuta ya mzoga ambayo watu walipaka majahazi na kuwashia taa, akayakataza. Wanazuoni wametofautiana iwapo kilichokatazwa ni kuuza tu au na kutumia pia. Sisi tubaki na parafini, tupumzike.

Utambi lazima uwe uzi wa pamba. Utaujuaje? Kata kipande, kishike kwa koleo, kiwashe. Pamba inaungua ikawa jivu na kunuka kama karatasi. Nailoni inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ule uzi wangu wa mwaka ule, baadaye niliujaribu hivi: kidonge. Chukua nyuzi tatu za pamba uzisuke kama nywele za mtoto, uzichovye kwenye nta iliyoyeyuka, uzinyooshe zikauke. Hapo una utambi.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, watoto watoke. Mlango na dirisha wazi. Mfuniko wa sufuria na ndoo ya mchanga viwe karibu. Usifanye kazi hii umechoka, na mwenye usingizi wa daku asubiri mpaka kesho.

Pili, teleka sufuria ya maji. Ndani ya maji hayo weka kopo jingine safi lenye nta. Nta isikae juu ya moto moja kwa moja hata siku moja. Hapa naomba ruhusa nitie kemia kidogo, maana ndiyo ninayoisoma chuoni. Parafini ya mishumaa huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 hivi. Ikifika kama nyuzi 200 mvuke wake unaweza kushika moto. Maji ya hapa Nairobi, kwa kuwa tuko juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayazidi hapo. Kwa hivyo nta iliyo ndani ya maji haiwezi kuufikia moto wake. Maji ndiyo mlinzi wako. Yakikauka sufuriani, mlinzi ameondoka, basi yaangalie.

Tatu, chukua kifuniko cha soda, kitoboe katikati kwa msumari, pitisha utambi, piga fundo chini. Gandisha kifuniko hicho katikati ya sakafu ya mkebe kwa tone la nta. Juu, funga utambi kwenye kijiti kilicholala juu ya mdomo wa mkebe ili usimame wima. Utambi ukiegemea upande, moto utaunguza upande mmoja.

Nne, nta ikiyeyuka yote, epua, ngoja dakika chache, kisha mimina taratibu. Acha kama sentimita tatu kutoka mdomo. Ikianza kuganda utaona shimo linajitokeza kuzunguka utambi, kwa sababu nta hunywea ikipoa. Yeyusha kidogo tena ujaze. Usitie rangi za krayoni, zinaziba utambi. Usitie mafuta ya taa ili "iwake vizuri". Hiyo ni bomu.

Tano, iache ilale mpaka kesho yake. Kata utambi ubaki nusu sentimita tu. Mabaki ya nta usimwage kwenye mtaro, futa kwa gazeti.

Na ikitokea nta imewaka kwenye kopo? Usimwage maji! Maji yakiingia kwenye nta inayowaka hugeuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi kwenye mabati. Zima jiko, funika kopo kwa mfuniko, liache lipoe. Mtu akiungua, mwagia maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na siagi havina kazi hapo. Nta iliyoganda kwenye ngozi usiibandue kwa nguvu. Kisha mpeleke kituo cha afya.

Hesabu yake ni hii. Mkebe wenye upana wa sentimita 6, ukijazwa kimo cha sentimita 7, unachukua karibu gramu 180 za nta. Kilo moja inatoa mikebe mitano. Mshumaa wa kiasi hicho hula gramu 5 hadi 7 kwa saa, na kwa kuwa sentimita moja ya mwisho haiwashwi, unabaki na saa 20 na zaidi. Ukiwasha saa moja kila usiku, unakaribia kumaliza Ramadhan nzima kwa mkebe mmoja.

KABLA HUJAMPA MTU

Sasa nisikilizeni hapa, maana yote yaliyotangulia yako hata kwenye vitabu.

Ukitengeneza mikebe mitano, wa kwanza si wa kutoa. Ni wako. Uwashe nyumbani kwako, ukae nao macho. Saa ya kwanza, tazama: ulimi wa moto usizidi sentimita tatu. Ukitoa moshi, utambi ni mnene au mrefu. Ukijizamisha, utambi ni mwembamba. Usiuache uwake zaidi ya saa tatu kwa mkupuo mmoja. Zima, ngoja upoe, washa tena siku ya pili, ya tatu, mpaka nta ibaki sentimita moja. Hapo ndipo unapojua mwisho wake ukoje. Vikopo vyangu vilikuwa vizuri sana mwanzoni. Ubaya wa chombo huonekana nta inapokwisha.

Nimeanza kufanya kazi hii tena miaka miwili sasa, hapa Kawangware na vijana wenzangu kila Jumamosi baada ya darsa. Wa kwanza wa kila fungu tunauwasha hapa hapa, mtu anakaa nao zamu. Ukifaulu, ndipo wenzake wanatoka. Na hatumpi mtu mkebe mkononi tukaondoka. Tunamwambia kwa mdomo, na kama ni mzee tunamwambia na mjukuu wake: weka juu ya mchanga, mbali na pazia na neti, usitoke chumbani ukauacha, ukilala uzime, ikibaki sentimita moja umekwisha. Ni maneno matano. Yanachukua dakika moja mlangoni. Dakika hiyo moja mimi sikumpa yule mama.

Kuna ndugu atasema, hii ni sadaka tu, mbona masharti mengi? Ndugu yangu, sadaka haimwondolei mpokeaji haki yake. Bidhaa mbovu ukimuuzia mtu atairudisha, atadai pesa zake. Ukimpa bure, ataona haya kurudisha, ataona haya hata kuuliza. Basi anayepewa bure anahitaji uangalifu wako zaidi ya anayenunua, kwa sababu hana mdomo wa kulalamika. Na mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) yanajulikana na mtoto wa madrasa: imani ya mtu haitimii mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea nafsi yake, na hakuna kudhuru wala kudhuriana. Ukitaka kupima sadaka yako, jiulize kama ungeiacha ikiwaka kando ya kitanda cha mdogo wako.

Na si mishumaa peke yake. Kuna anayegawa dawa zilizopitwa na wakati. Kuna anayetoa nguo zilizoraruka na chakula kilichochacha, anasema ni ya thawabu. Kuna anayeweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, mtoto wa jirani anakunywa akidhani ni soda. Hili la mwisho nawaomba sana akina mama na akina baba: leo mkirudi nyumbani, kabla ya Tarawehe, itazameni chupa hiyo iko wapi.

Mtaniuliza, yule mama yuko wapi sasa? Yuko Kibera, mzima, alhamdulillah, na mandazi anauza. Vidole viwili havikunji vizuri mpaka leo. Idi ile mama yangu na dada zangu walimkandia unga alfajiri kwa alfajiri mpaka mkono ukapona, na mimi nilizunguka na beseni kuuza, wenzangu wakinicheka. Hilo lilikuwa dogo. Nimewahi kumpelekea mkebe mpya, wa bati, uliojaribiwa. Aliupokea, akaushukuru, akamrudishia mama yangu kwa adabu. Nyumbani kwake sasa hakuwashwi mshumaa, ana taa ya sola. Simlaumu. Msamaha alinipa, lakini kuamini tena ni jambo lake, silidai.

Ndugu zangu, saa inakwenda na kina mama wana futari jikoni. Mkebe upo nyumbani, uzi upo, nta mtapata. Tengenezeni, mgawe, mwangazie watu kumi la mwisho linapokuja. Ila wa kwanza uwe wako, na ukilala uzime.

Ewe Mola, tutakabalie funga zetu na visimamo vyetu. Zilinde nyumba zetu za Kibera na Kawangware, na za Waislamu na wasiokuwa Waislamu tunaokaa nao ukuta kwa ukuta, na moto wa dunia, na utulinde sisi na wazazi wetu na moto wa akhera. Wape afueni walioungua, na uwarehemu waliotangulia. Utujaalie mikono yetu iwe ya kunufaisha, isiwe ya kudhuru. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.